Namna ya Kupima Kama Kuku wa Mbegu Safi Watazaa Wanaofanana Nao

Mfugaji anayenunua jogoo mmoja na matembe (majike wachanga) wanne wa aina ya kuku wekundu iitwayo Rhode Island Red kwa bei ya juu huwa na tumaini moja, kwamba mayai atakayoyatotolesha yatampa vifaranga walio sawasawa na wazazi wao. Miezi mitano baadaye anahesabu bandani: wengi ni wekundu kweli, lakini wawili wamepauka kama udongo wa kichuguu, tembe mmoja ana weusi ulioshuka kutoka shingoni hadi mabegani, na pora (jogoo mchanga) mmoja ana meno tisa kwenye upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, badala ya matano. Anaamua kwamba alidanganywa. Pengine alidanganywa kweli, na pengine muuzaji hana kosa lolote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitenganisha hali hizo mbili kabla ya kwenda kugombana na mtu au kulipeleka kundi zima sokoni.

Neno “safi” ndilo linaloleta matatizo. Katika uzalishaji, mbegu safi ni kundi lililozalishwa ndani ya damu yake lenyewe kwa vizazi vingi hadi sifa zake kuu zikatulia, yaani kila mzazi amebeba jeni (chembe za urithi) mbili zinazofanana kwa sifa hiyo, na kwa hiyo hana nyingine ya kumrithisha mtoto. Kiwango cha aina ni jambo jingine kabisa. Hayo ni maelezo ya maandishi ya ndege mmoja aliye kamili, yanayokubaliwa na chama cha wafugaji ili waamuzi wa maonyesho wawe na kipimo kimoja. American Poultry Association, iliyoanzishwa mwaka 1873, ilitoa kitabu chake cha kwanza cha viwango mwaka 1874, na Rhode Island Red mwenye upanga wa meno aliingizwa humo mwaka 1904. Kiwango chake kinataka jogoo mzima awe na kilo 3.9 hivi na koo kilo 2.9 hivi, mwili mrefu wenye umbo la tofali, miguu ya manjano, upanga wenye meno 5 yaliyolingana, na wekundu unaofika hadi kwenye ngozi. Hakuna mfugaji popote duniani ambaye vifaranga wake wote hufika hapo. Jogoo na koo walioshinda maonyesho wanaweza kutoa vifaranga 40 ambao wote ni Rhode Island Red pasipo shaka, na bado wakawa wachache tu kati yao wanaostahili kubakizwa kwa uzazi. Maswali ya kujiuliza mbele ya banda, basi, ni mawili: je, watoto hawa ni wa aina hii, na je, wako karibu kiasi gani na kiwango? Ni la kwanza tu linaloweza kumtia muuzaji hatiani.

Hakikisha kwanza kwamba hukununua chotara

Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayomaliza kesi nyingi. Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa wameenea sana Tanzania, Kenya na Uganda, na ni kuku wazuri kwa kazi waliyotengenezewa, ila si mbegu safi. Kifaranga anayeuzwa ni zao la mwisho la kupandisha nasaba tofauti zinazotunzwa na mzalishaji. Anayetotolesha mayai ya kuku hao hupata vifaranga walio hai na wenye nguvu, lakini waliotawanyika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja anawahi kutaga, mwingine anachelewa, na uzito wa kundi haulingani na ule wa wazazi. Hilo si kosa la mashine wala la chakula. Jeni zilizokutanishwa kwa makusudi katika kizazi kimoja zimeachana katika kizazi kinachofuata.

Chotara wa mayai wenye rangi ya kahawia, kama vile ISA Brown, huleta mkanganyiko mkubwa zaidi, kwa kuwa jike lake humfanana sana Rhode Island Red machoni mwa asiyezoea. Muulize muuzaji namna anavyotofautisha jinsia ya vifaranga wa siku moja. Akikujibu kwamba majike ni wa kahawia na madume ni weupe wenye umanjano, basi ana chotara wa baba mwekundu na mama mwenye jeni ya weupe wa fedha, hata kama kwenye boksi ameandika Rhode Island Red. Ukiwapandisha chotara hao wenyewe kwa wenyewe, rangi hizo mbili zitatokea kwa majike na kwa madume vilevile, na ile njia rahisi ya kutambua jinsia itakuwa imekufa.

Jifunze sifa zipi hujificha

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo wafugaji wengi wazoefu wanapokosea, kwa sababu ukweli wake unakwenda kinyume na tunavyodhani. Sifa inayotawala ndiyo inayoficha uchafu, na sifa inayojificha ndiyo iliyo rahisi kuitunza ikiwa safi. Kuku mwenye sifa tawala anahitaji jeni moja tu ili kuionyesha, kwa hiyo ile ya pili inaweza kuwa chochote na usijue kwa miaka. Kuku anayeonyesha sifa inayojificha lazima awe nayo mara mbili, la sivyo isingeonekana kabisa.

Chukua upanga. Ule wa kawaida uliosimama na kuwa na meno kama msumeno ni sifa inayojificha. Jogoo na koo wenye upanga huo hawawezi kuzaa kifaranga mwenye upanga bapa wenye vijinundu, na akitokea mmoja, kuna jogoo mwingine aliyeingia bandani. Kinyume chake kinawezekana, tena hutokea kila mara kwa kuku wa aina ya Wyandotte. Aina hiyo inatakiwa iwe na upanga bapa, ambao ni sifa tawala, na imezalishwa kwa zaidi ya karne moja, lakini hadi leo vifaranga wenye upanga wa meno hujitokeza hata katika makundi mazuri. Sababu yake inapendeza kuijua: majogoo waliobeba jeni mbili za upanga bapa huwa na mbegu zenye nguvu ndogo ya kurutubisha, hivyo jogoo aliyebeba jeni moja ya siri ndiye anayeacha watoto wengi zaidi, na mfugaji, pasipo kujua, anaichagua siri hiyo kizazi baada ya kizazi. Ukiona upanga wa meno kwa Wyandotte, usiseme amechanganywa. Mwondoe kwenye uzazi kama kiwango kinavyotaka, kisha uendelee na kazi.

Miguu nayo husema mengi. Rangi ya manjano kwenye ngozi na miguu ni sifa inayojificha, kwa hiyo wazazi wawili wa Rhode Island Red wenye miguu ya manjano hawatazaa kifaranga mwenye ngozi nyeupe. Akitokea, ushahidi wa jogoo wa jirani umekamilika, na jogoo wa jirani, kama tunavyojua, hana desturi ya kubisha hodi. Lakini usihukumu kwa macho ya haraka: koo anayetaga kwa wingi hupauka miguu kwa kuwa umanjano huhamia kwenye viini vya mayai, na kuku wa ndani asiyepata mahindi ya njano wala majani mabichi hupauka pia. Pima kwa pora au tembe ambaye hajaanza kutaga.

Manyoya ya Silkie, kuku wa mapambo, yale yanayofanana na pamba, hujificha pia, na ndiyo maana Silkie wawili hutoa Silkie wa manyoya hayo siku zote. Vidole vyake vitano ni sifa tawala isiyo na uhakika, kwa hiyo kifaranga wa vidole vinne hutokea mara kwa mara kutoka kwa wazazi waliokamilika. Wanaouza kuku wa mapambo wangefanya vyema kumweleza mnunuzi jambo hili mapema.

Kwa rangi, weupe ndio unaohitaji tahadhari kubwa. Weupe wa Leghorn hutawala na unaweza kufunika rangi na mistari ya kila namna bila kuonyesha dalili, ilhali weupe wa Plymouth Rock nyeupe hujificha na unaweza kusafiri ndani ya kundi la rangi nyingine kwa vizazi kadhaa. Kuku weusi wawili wakikupa kifaranga anayekua mweupe kabisa, mara nyingi ni weupe huu wa pili uliokutana kutoka pande zote mbili, wala si lazima pawe na mgeni.

Sifa ambazo haziwezi kutulia

Kuna viwango vilivyoandikwa juu ya kuku ambaye maumbile hayamruhusu kuzaa wanaofanana naye wote. Mfano mashuhuri ni Andalusian wa rangi ya kijivu-buluu, ambaye wanasayansi wa urithi William Bateson na Reginald Punnett wa Cambridge walimchunguza mwanzoni mwa karne ya 20. Rangi hiyo ni ya kuku aliyebeba jeni moja ya weusi na moja ya kuififisha. Ukipandisha wawili wa kijivu-buluu, robo ya vifaranga, kwa wastani, watakuwa weusi, nusu watakuwa kama wazazi, na robo watakuwa weupe wachafu wenye madoa. Hakuna uteuzi utakaobadilisha hesabu hiyo, hata ukiendelea miaka 100. Anayetaka kijivu-buluu kwa vifaranga wote ampandishe mweusi kwa mwenye madoa, yaani wale wawili ambao maonyesho huwakataa.

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kuona kanuni hiyo ikifanya kazi, kwani kishingo wa kijijini, yule kuku asiye na manyoya shingoni, anaionyesha vizuri zaidi. Mshike kishingo na uitazame shingo yake upande wa mbele, kidogo juu ya gole (kifuko cha chakula). Akiwa na kishada cha manyoya hapo kama mtu aliyesahau kunyoa kidevu, amebeba jeni moja tu ya ukishingo. Akiwa na shingo tupu toka kichwani hadi kifuani, amebeba mbili. Vishingo wawili wenye vishada watakupa, kwa wastani, kifaranga mmoja wa shingo tupu, wawili wenye vishada na mmoja mwenye shingo ya manyoya katika kila vinne, na utawatambua siku ileile wanapoanguliwa. Ukipandisha shingo tupu kwa shingo tupu, wote watakuwa vishingo. Kwa hiyo sifa hii unaweza kuituliza kabisa, mradi ujue ni yupi wa kumchagua.

Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyopindukia mbele, haruhusu hilo. Vidimu wawili hutoa robo ya vifaranga wenye manyoya dhaifu yanayokatika hadi ndege kubaki karibu uchi, na ndege hao huteseka kwa baridi. Mpandishe kidimu kwa kuku wa manyoya ya kawaida, upokee nusu kwa nusu, na uridhike.

Wapo pia ambao hesabu yao hufungwa ndani ya yai. Araucana wa kiwango cha Marekani anatakiwa awe na vishungi vya masikioni, lakini kiinitete kinachopokea jeni ya vishungi kutoka kwa wazazi wote wawili hufa, aghalabu siku za mwisho kabla ya kuanguliwa. Chabo wa Kijapani mwenye miguu mifupi ana jeni ya namna hiyo, ila hiyo huua mapema zaidi, na kati ya vifaranga wanaoanguliwa theluthi moja huja na miguu mirefu. Mwenye kuku hawa akipoteza robo ya mayai yaliyorutubishwa, asikimbilie kumlaumu fundi wa mashine ya kutotolesha.

Fanya jaribio la kupandisha

Macho yakifika mwisho wa uwezo wake, jaribio ndilo linaloamua. Tenga jogoo unayetaka kumpima pamoja na koo wanaoonyesha ile sifa inayojificha unayoitilia shaka. Kwa jogoo wa Wyandotte unayetaka kujua kama ana siri ya upanga wa meno, koo wa kienyeji wenye upanga wa meno wanatosha kabisa, kwa sababu hapa tunatazama upanga peke yake na vifaranga hawa hawataingia kwenye kundi. Kabla ya kukusanya mayai, waache koo hao wiki tatu bila jogoo mwingine yeyote, kwa kuwa koo huhifadhi mbegu za jogoo wa zamani mwilini mwake kwa wiki mbili na wakati mwingine zaidi. Mfugaji asiyesubiri anapima jogoo aliyekwisha kuuzwa.

Kifaranga mmoja tu mwenye upanga wa meno anamaliza mjadala: jogoo ana siri. Wakitoka 7 mfululizo wote wenye upanga bapa, unaweza kumwamini, kwa sababu jogoo mwenye siri angeweza kukwepa mtego huo mara 1 tu katika 128. Kama huna koo wa namna hiyo na unatumia wale unaojua kwamba wamebeba siri bila kuionyesha, utahitaji vifaranga wapatao 17 ili uhakika uzidi kidogo 99 kwa 100. Kumpima koo huchukua muda mrefu zaidi, kwani mayai ni yake mwenyewe tu, na ni lazima atage mahali pa peke yake ili yasichanganyike na ya wenzake.

Watie vifaranga alama siku wanapotoka. Njia ya zamani ya kutoboa utando ulio kati ya vidole bado haijapata mshindani kwa bei: kila mguu una nafasi mbili za kutoboa, na ukizichanganya unapata alama 16 tofauti, zinazotosha familia nyingi kuliko banda la mfugaji wa kawaida. Daftari liwe na baba, mama, tarehe ya kuanguliwa na alama. Kumbukumbu za kichwani huharibika upesi kuliko mayai ya Januari.

Wapime kwa umri unaofaa

Kifaranga wa siku moja ni shahidi wa baadhi ya mambo tu. Upanga, ukishingo na idadi ya vidole huonekana mapema. Rangi hudanganya. Black Australorp, ambaye akikua huwa mweusi unaong'aa kwa kijani, huanguliwa akiwa na tumbo na ncha za mabawa zenye weupe wa manjano, na nimewaona watu wazima wakirudisha boksi zima la vifaranga halali kwa kudhani wameuziwa madoadoa. Kumtambua Australorp vizuri, msubiri akue, kisha umgeuze miguu: juu pawe na rangi ya kijivu iliyokolea, na nyayo ziwe nyeupe. Nyayo za manjano ni dalili ya damu ya kigeni.

Kwa Rhode Island Red, fanya tathmini ya kwanza akiwa na wiki nane hivi, ukiondoa wenye kasoro za wazi kama midomo iliyopinda, vidole vilivyojikunja na panga zenye vichipukizi vya pembeni. Ya pili iwe pale manyoya ya utu uzima yanapokamilika. Mtoe ndege nje kwenye mwanga wa asubuhi, mbebe kichwa chake kikielekea kwako, na upulize manyoya ya mgongoni hadi yafunguke. Unachotafuta ni wekundu ulioshuka mpaka chini. Ukikuta ukijivu kama majivu ya mkaa karibu na ngozi, hiyo ni kasoro ya kiwango, lakini haimaanishi kwamba amechanganywa. Kisha ukunjue bawa. Weusi katika sehemu ya chini ya manyoya makubwa ya bawa unaruhusiwa, na weusi kidogo kwenye ncha za manyoya ya chini ya shingo ya koo unatakiwa hasa, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani wekundu mtupu ndio usafi. Yule tembe wa mwanzo, mwenye weusi ulioshuka hadi mabegani, ana kitu sahihi kilichozidi kipimo.

Uzito, umbo la mwili, idadi ya meno ya upanga na kina cha rangi hutokana na jeni nyingi ndogondogo zinazofanya kazi pamoja, na haziwezi kunaswa kwa jaribio la vifaranga saba. Hizo huvutwa taratibu kwa uteuzi, na ukiacha kuchagua kwa vizazi vitatu au vinne zitarudi nyuma zenyewe. Pora wa meno tisa hana damu ya kigeni, ila hafai kuwa baba. Mimi huchagua umbo kwanza na rangi baadaye, kwa kuwa rangi hurekebishika haraka zaidi kuliko mifupa, ingawa najua wapo wenzangu wanaoanza na rangi na kuku wao wanapendeza.

Linda kundi bila kuwaoza ndugu

Uteuzi mkali katika kundi dogo huwapandisha ndugu kwa ndugu, na dalili zake ni mayai yasiyoanguliwa, vifaranga dhaifu na majogoo wasiorutubisha. Gawa kundi katika familia tatu. Tembe wote wanabaki katika familia ya mama yao maisha yote, na pora anayechaguliwa anahamia familia inayofuata: wa kwanza kwenda ya pili, wa pili kwenda ya tatu, wa tatu kurudi ya kwanza. Mpangilio huo huo unarudiwa kila mwaka, na huhitaji jogoo wa nje kwa muda mrefu.

Siku utakapomhitaji, usimwachie mgeni kundi zima hata kama amekuja na karatasi za kila aina. Mpe matembe wawili tu, mbali na wengine, totolesha mayai yao, uwalee watoto hadi manyoya ya utu uzima yakamilike, kisha umpandishe kwa mmoja wa binti zake na utazame kinachotoka. Kila siri aliyokuja nayo ina nafasi ya kujitokeza hapo, kwenye vifaranga ambao bado unaweza kuwala au kuwauza kwa uzito.